Darasa Lililolaliwa

Watoto mia moja hamsini na wanane hawaenei katika chumba kimoja cha udongo. Asiyeamini na ajaribu. Agneta Nakhungu alijaribu kwa wiki tisa, tangu Januari ya mwaka sabini na nne, serikali ilipotangaza kwamba watoto wa madarasa ya chini wasome bure, na wazazi wa Koduma, kule uwanda wa Kano karibu na Ahero, wakamletea kila mtoto aliyeweza kusimama. Walikaa sakafuni, magoti yamegusa migongo. Wa mbele walivuta vumbi la chaki, wa nyuma walivuta pumzi za wenzao. Mmoja akijikojolea, kumi walilowa. Agneta alifundisha irabu leso ikiwa puani, na akifika nyumbani alioga mara mbili na bado akajinusa.

Uvundo aliuzoea. Kilichomkosesha raha ni barua ya mkaguzi wa shule, Bwana Wabwire. Ilisema kwamba chini ya paa moja wasizidi watoto themanini, na kwamba yeye mwenyewe angekuja mwisho wa Mei, na mtoto ambaye hatamkuta chini ya paa angefutwa katika rejista, angoje mwaka ujao. Agneta alikuwa mwalimu kwa miaka kumi na miwili, alijua maana ya kungoja mwaka ujao. Mvulana anapewa ng'ombe wa kuchunga, msichana anafungiwa mdogo wake mgongoni, na mwaka ujao ukifika hakuna hata anayekumbuka kwamba waliwahi kuandikishwa. Themanini! Majina yao aliyaandika yeye, kwa wino, kwa mkono wake mwenyewe.

Ndiyo maana lori lilipokuja mwezi wa Machi alilikimbilia kama mtoto.

Lilitoka kiwanda cha Manubhai kule Kisumu, limebeba darasa zima, limelazwa vipande vipande: kuta za mbao ngumu, madirisha yakiwa tayari yametiwa, paa la mabati, kila kipande kimepigwa namba kwa rangi nyekundu. Baraza la wilaya lilikuwa limeagiza madarasa ya namna hiyo kwa shule zilizofurika, madarasa ya kufungwa kwa bolti na kufunguliwa, yahamishwe watoto wanapohamia. Moja liliangukia Koduma. Aliyelisimamisha alikuwa Surjit, fundi mkuu wa kiwanda, Singasinga mwenye kilemba cha buluu na mikono mikubwa ya kutisha.

"Mwalimu, hii kitu rahisi sana," alimwambia Agneta. "Moja nashika mbili, mbili nashika tatu, mpaka kumi na sita. Kama wewe najua hesabu, wewe fundi."

Agneta alifunga kanga kiunoni akashika bolti. Asubuhi palikuwa na nyasi. Saa kumi alasiri palikuwa na darasa limesimama juu ya miguu kumi na miwili ya saruji, lina mlango, lina ubao mweusi wa kuandikia, linanuka rangi mpya. Agneta aliingia, akatoka, akaingia tena. Alikuwa anacheka peke yake.

Hapo ndipo alipotokea diwani, Absalom Oketch, mwenyekiti wa kamati ya shule, mtu mrefu, mwenye koti zuri na kijiti cha meno kisichotoka mdomoni hata akisalimia. Alizunguka darasa mara tatu. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole.

"Mwalimu, hii imechukua siku ngapi?"

"Siku gani, Mheshimiwa? Leo hii hii. Asubuhi mbuzi walikuwa wanakula nyasi hapa."

"Leo? Jua haijaingia?"

"Si unaliona jua, liko pale. Ukitaka kulala humu ndani leo, kazi yako ni kuleta kitanda tu."

Diwani aliacha kutafuna kijiti. "Na hakuna mtu amewahi lala ndani?"

"Nani alale ndani ya kitu kipya hivi?" Agneta alijibu, na akacheka tena, kwa furaha yake, bila kujua amesema nini na amemwambia nani. Baadaye alikuja kuikumbuka ile furaha na kujiona mjinga wa kutupwa.

Kwa wiki nne walisoma kama watu. Themanini wakaingia darasa jipya na Agneta. Sabini na wanane wakabaki kwenye chumba cha udongo na Adero, msichana wa pale pale Koduma aliyemaliza kidato cha pili akaajiriwa kusaidia. Agneta alichora herufi kwenye karatasi za mifuko ya saruji, akazibandika ukutani. Akaandika majina yote themanini kwa kalamu nene, chini ya madirisha, kila mtoto alione lake na alipapase kwa kidole. Aprili shule zilipofungwa, akafunga mlango kwa kufuli, akampa mwalimu mkuu ufunguo, akapanda basi kwenda kwao Kimilili kupalilia mahindi.

Mei alirudi akakuta miguu kumi na miwili ya saruji. Juu ya mmoja alisimama mbuzi.

Alidhani amepotea njia. Akatazama chumba cha udongo, kipo. Akatazama mlingoti wa bendera, upo. Adero alikuwa amesimama kando, anachora ardhi kwa kidole gumba cha mguu, na hiyo peke yake ilitosha kumjulisha Agneta kwamba jambo hili linajulikana na kila mtu isipokuwa yeye.

"Darasa liko wapi?"

"Iko kwa diwani, mwalimu. Ilipelekwa ligala."

"Ligala ndiyo nini?"

Adero alivuta pumzi, akamweleza pole pole, kwa adabu, kama mtu anayemfundisha mgeni kula. Mwanamume akitaka kutoka kwa baba yake kuanza dala, yaani boma lake mwenyewe, anatoka asubuhi na mke wa kwanza, na kijana wake wa kwanza, na jogoo, na moto. Nyumba inajengwa siku hiyo moja. Usiku huo lazima walale ndani. Wakishalala, imekwisha, hiyo ndiyo nyumba ya kufungulia dala, haing'olewi wala hairudishwi, na atakayeibomoa anaingiza kifo katika dala ya mtu na katika yake pia.

"Sasa watu wote wanajenga kajumba kadogo ka matope, ili iishe siku moja," Adero alisema. "Halafu nyumba kubwa wanajenga pole pole. Lakini diwani hataki kajumba. Amengoja miaka sita. Anasema mheshimiwa hawezi kulala kwa matope hata siku moja. Kila fundi anamwambia nyumba kubwa haiwezi isha siku moja."

"Kumbe sasa nani alimwambia inawezekana?"

Adero alirudia kuchora ardhi. "Yeye anasema ni wewe, mwalimu. Anakusifu sana kwa watu."

Agneta alishika njia ya kwenda kwa diwani, kilimani, kama kule Kano kunaweza kuitwa kilima, mwendo wa dakika ishirini kuvuka mfereji.

Harufu ya nyama ndiyo iliyompokea. Siku nne zilikuwa zimepita tangu diwani achinje fahali wa kuwashukuru watu waliombebea vipande, na bado mafuta yalikuwa hewani. Darasa lilikuwa katikati ya uwanja mpya, mlango umeelekea lango la dala. Mlangoni mifupa. Nzi waliokuwa pale walikuwa wazito, wameshiba, hata mkono haukuwatisha. Agneta alichungulia ndani. Kitanda kikubwa cha chuma kilikuwa mahali pa meza yake. Herufi zake zilikuwa zimebanduliwa, isipokuwa moja, iliyofunikwa nusu na kalenda ya kampuni ya bia. Chini ya dirisha, mahali pa majina ya watoto, mtu alikuwa ameegemeza mara nyingi kichwa chenye mafuta ya nywele, majina yamegeuka tope jeusi. Na ubao mweusi, ubao aliokuwa akiufuta kila siku kwa kitambaa safi, ulikuwa nje, umelazwa juu ya matofali, una alama za panga. Walikuwa wamekatia nyama juu yake.

"Karibu, mwalimu! Karibu dala!" Diwani alitoka akiwa na fulana na kijiti chake. "Jentrix, letea mwalimu mchuzi kidogo."

Jentrix, mke wake wa kwanza, mwanamke mkubwa mwenye uso wa kuchoka, alimtazama Agneta tu. Hakwenda kuleta kitu.

"Sikuja kula," Agneta alisema. "Nimefuata darasa."

"Darasa ilipelekwa mahali pa juu. Kamati ilipitisha. Wewe unajua mafuriko ya hapa."

"Darasa lina kitanda?"

Diwani alicheka, tena bila aibu yoyote, cheko la mtu aliyejitayarisha. "Mwalimu, wewe ni mtu wa kusoma, sikiliza vizuri. Kabla mimi nilale ndani, hii kitu ilikuwa mbao. Mbao na bolti. Sasa nimelala, mama amelala, moto umewaka. Ni nyumba. Mimi sikuchukua nyumba ya mtu, kwa sababu ile siku haikuwa nyumba. Na wewe huwezi kuchukua mbao yako, kwa sababu leo hakuna mbao hapa. Umeona?"

Akatema kipande cha kijiti. Kilianguka kwenye kiatu cha Agneta, kikanata. Agneta alikipangusa kwa nyasi, na akaendelea kupangusa hata kilipokwisha kutoka.

Alimwendea mwalimu mkuu. Walter alikuwa mtu mpole, lakini upole wake ulikuwa wa kitambaa cha kufutia meza, unafuta popote unaposukumwa. Alikuwa anakula chakula cha mchana ofisini, na sharubu zake zilikuwa zinang'aa.

"Mwalimu Agneta, hata mimi niliumia," alisema. "Lakini ligala ni ligala. Hiyo mambo hata D.C. haingilii."

"Ufunguo nilikupa wewe."

"Ndiyo. Nilimpa mwenyekiti wa kamati. Yeye ni mkubwa wangu."

"Na kipande namba moja kinashika namba mbili, hilo walilijuaje?"

Walter akafuta sharubu. Alikuwa ameusimamia uhamishaji mwenyewe, akisoma namba kwa sauti. Agneta alitoka bila kuaga, kwa kuwa angebaki pale angemtapikia kwenye sahani.

Jumamosi alikwenda Kisumu, moja kwa moja hadi kiwandani. Surjit alimsikiliza mpaka mwisho, uso ukizidi kuwa mwekundu. Alichukua mfuko wa spana akautupa mezani.

"Mimi nafungua hiyo kabla ya chai ya saa nne! Lete watu wanne tu ya kushika ukuta."

"Vijana wako si wapo?"

Surjit alitazama uani, vijana wake walikokuwa wanapiga randa. Akashusha sauti. "Nimesikia hii habari juzi, nimewauliza wao. Wote ni watu ya huku. Wameweka spana chini, mmoja mmoja. Hapana sema kitu. Weka chini tu."

Basi Agneta akarudi Koduma kutafuta watu wanne. Hakutafuta wengi, wanne tu, kati ya akina baba themanini ambao watoto wao walikuwa wanafukuzwa chini ya paa lao. Alikwenda nyumba kwa nyumba. Kila mahali alipewa kiti, alipewa uji, alipewa pole. Mzee mmoja alimwambia diwani amefanya vibaya sana, sana, kisha akakohoa na kuukumbuka mgongo wake. Mwingine alisema angekuja kama mwenzake angekuja, na mwenzake alisema vivyo hivyo. Kwa mwingine mke ndiye aliyejibu, mume akiwa nyuma ya nyumba, miguu yake ikionekana chini ya kamba ya nguo. Agneta aliweza kuuvumilia ule mwiko. Watu wana yao, hata Wabukusu wa kwao wana yao. Alichoshindwa kuvumilia ni kwamba kila mmoja wao alikuwa amebeba kipande siku ile na kula nyama. Hofu ya kubomoa wote walikuwa nayo. Aibu ya kubeba hakuwa nayo hata mmoja.

Mvua ikaja. Mia moja hamsini na wanane wakarudi katika chumba cha udongo, sasa wakiwa na matope hadi magotini. Nguo zao zilikuwa hazikauki. Upele ukaanza kwa mmoja, ukahesabu safu nzima. Agneta alifundisha akiwa amesimama mlangoni, nusu ndani na nusu kwenye mvua, na hasira yake ilikuwa imeshuka ikawa kitu kizito kisichomruhusu kula. Akiona nyama sokoni Ahero, alivuka barabara.

Siku moja kabla ya ukaguzi, Walter alimwita.

"Kesho Bwana Wabwire anakuja. Tumezungumza na mwenyekiti. Wale themanini utawapeleka kule kwake, wakae ndani saa moja tu. Kitanda atakitoa. Mkaguzi ataona darasa, ataona watoto, ataandika, ataenda zake."

"Na keshokutwa?"

"Keshokutwa ni keshokutwa." Walter alitazama dirishani. "Ukitaka, mwambie ukweli. Lakini yeye ana sheria moja tu, mwalimu. Mtoto hana paa, anafutwa. Diwani hatafutwa. Mimi sitafutwa. Utakuwa umefuta hao."

Lilikuwa jambo la kwanza la kweli alilosikia kutoka kwa mtu huyo, na lilikuwa chafu kuliko uongo wake wote. Agneta alirudi darasani akafungua rejista. Aliyatazama majina themanini mpaka wino ukamchezea machoni. Kesho yake asubuhi akawapanga wawili wawili akawavusha mfereji.

Kitanda kilikuwa kimefichwa nyuma ya ghala. Ubao ulikuwa umeoshwa na kutundikwa, lakini mafuta yalikuwa yameingia ndani ya mbao, chaki ikawa inateleza. Agneta aliandika "baba" ikasomeka "b b". Watoto waliketi chini, wakanusa, wakatazamana. Wengine walitafuta majina yao ukutani na hawakuyaona. Hakuna aliyesema neno, walikuwa wameonywa na wazazi wao wenyewe.

Bwana Wabwire alifika saa nne na viatu vinavyong'aa, akakanyaga juu ya magunia aliyotandikiwa. Kwanza alikula. Alikula kuku mzima, na diwani akamsifia kwa kula. Ndipo akaingia darasani na fomu yake, akiwa na karatasi ya kaboni katikati, akaanza kujaza kwa sauti, kama mtu anayependa kujisikia.

"Darasa jipya la Shule ya Koduma. Lipo. Hali yake, nzuri. Watoto, themanini. Wapo." Akainua macho. "Mbona liko mbali na shule?"

"Mafuriko, bwana," Walter alijibu. "Tulilileta mahali pa juu."

"Uamuzi mzuri. Kiwanja ni cha nani?"

"Changu!" Diwani alipiga kifua. "Nimewapa watoto. Mimi nafikiria watoto kwanza."

"Kwa muda gani? Fomu inauliza."

"Andika hata milele!" Diwani alisema, akacheka, na mkaguzi akacheka naye, na akaandika.

Agneta alikuwa amesimama karibu na ubao, mdomo wake umejaa mate machungu. Alikuwa anahesabu dakika, atoke aende zake asiwaone tena watu hawa. Kisha mkaguzi akauliza, "Saa za matumizi?"

Walter akakohoa. Diwani akamtazama Walter. Walikuwa wametunga uongo wao vizuri kabisa, lakini hapo hawakuwa wamefika.

Na Agneta akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, kavu kabisa, "Kila siku ya shule, bwana. Saa mbili asubuhi mpaka saa sita mchana."

"Saa mbili hadi saa sita," mkaguzi akaandika. "Mwenyekiti, tia sahihi hapa. Mwalimu mkuu, hapa na muhuri."

Diwani akatia sahihi yake ndefu yenye mikia. Walter akagonga muhuri. Wote wawili walikuwa na haraka ya kumwona mgeni akiondoka.

"Naomba nakala moja, bwana mkaguzi," Agneta alisema. "Ya kuweka darasani."

Bwana Wabwire akachana ile ya kaboni akampa, akimwambia angependa kuwa na walimu wengi wanaopenda kumbukumbu kama yeye.

Kesho yake, saa mbili kasorobo, watoto themanini walikuwa wanavuka mfereji tena. Walter aliwafuata mbio, muhuri ungali mfukoni, akiita, "Mwalimu! Mwalimu, jana ilikuwa jana!" Agneta hakugeuka. Kwenye njia panda wanaume sita walikuwa wamesimama, baadhi yao ni wale wenye migongo inayouma. Leo migongo ilikuwa imenyooka.

"Mwalimu, heshimu dala ya mtu," mmoja alisema. "Wewe ni mgeni hapa."

"Dala siibomoi, baba. Hata bolti sigusi. Naingia tu." Akamtazama vizuri. "Huyo wa tatu kwenye mstari ni mwanao. Ukitaka arudi nyumbani, mtoe mwenyewe, mbele yangu."

Yule baba hakumtoa. Hakuwa na ujasiri wa kufanya jema wala baya. Agneta aliwapita.

Diwani alikuwa bado kitandani. Kitanda kilikuwa kimerudi mahali pake, na yeye juu yake na fulana ile ile, chandarua kimefungwa fundo juu ya kichwa. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya hewa. Mabati yale yalikuwa yanachemka mapema. Harufu ya usingizi na mafuta na nyama ya jana ilimjaa Agneta puani. Hakutoa leso.

"Hodi," alisema, akaingia. "Ingieni, watoto. Kaeni kama kawaida."

"We! Mwalimu! Wewe ni wazimu?"

Agneta alifungua karatasi akasoma, kwa ile sauti yake ya kufika barabarani. Darasa jipya la Shule ya Koduma. Kiwanja kimetolewa na mwenyewe, kwa muda wa milele. Kila siku ya shule, saa mbili hadi saa sita. Sahihi, Absalom Oketch.

"Nitakufukuza wewe na hao watoto!"

"Fukuza, Mheshimiwa. Mimi nitakwenda kwa mkaguzi kumwambia darasa limefungwa, naye atakuuliza sahihi hii ni ya nani. Au hama, urudi kwa baba yako."

Kurudi kwa baba yake diwani hawezi. Aliyefungua dala harudi nyuma. Kuing'oa nyumba hawezi, yeye kuliko watu wote. Kujenga nyingine angeweza, lakini hii ndiyo ya ligala, ndimo yeye na mke wake lazima walale. Alimtazama Walter aliyekuwa mlangoni, na Walter akatazama viatu vyake. Na watoto walikuwa wanaingia tu, wawili wawili, na tope la mfereji miguuni, wakijaza mkeka, wakijaza sakafu, wakifika hadi ukingo wa kitanda.

"Jentrix!" diwani akaita. "Jentrix, toa hawa!"

Jentrix alikuja akasimama dirishani kwa nje, na sufuria mkononi. Tangu ahamie pale alikuwa akipika kwenye jua, kwa kuwa ile nyumba haikuwa na pa kutolea moshi. Aliwatazama watoto, akamtazama mumewe.

"Absalom," alisema, "kunja miguu, watoto wakae."

Akaikunja. Sijui kama alijua anafanya hivyo, lakini aliikunja, na wasichana watatu wakasogea wakaketi pale miguu ilipokuwa. Kutoka kulimhitaji apite juu ya watoto themanini akiwa na fulana na kaptura ya kulalia, mbele ya mwalimu na mbele ya wale wanaume sita waliokuwa wamefuata na sasa wanachungulia dirishani. Akabaki. Alijifunika shuka hadi kidevuni kama mgonjwa wa hospitali.

Agneta hakumwonea huruma, wala hakufurahi. Alikuwa amedhani atafurahi. Alichokiona ni mtu mzima mwenye tongotongo machoni, na baba za watu wanaocheka kwa chini kwa sababu leo kucheka ni bure. Wangelicheka siku ya fahali, wasingelifika hapa. Akawapa mgongo wote, akafungua rejista, akaanza kuita.

Aliita pole pole. Kila mtoto alisimama, akajibu, akaketi. Kumi. Ishirini. Jua likapanda juu ya mabati. Alipofika arobaini na moja, diwani akasema kwa sauti ndogo, ambayo hakuna mtu Koduma aliyewahi kuisikia kwake:

"Mwalimu. Sasa hii itaisha lini?"

"Wewe ndiye uliyesema milele, Mheshimiwa," Agneta alijibu bila kuinua macho, akaita jina la arobaini na mbili.